Kondoo wa Meitamei

Mtu aliyepiga simu hakutaja jina lake. Alitaja rangi ya leso.

"Leo umejifunga ya kijani," alisema, kwa upole wa karani wa benki. "Na huyo wa mwisho kwa mstari wenu amechoka. Mwambie apunguze mwendo." Kisha akakata.

Resian alisimama katikati ya njia, simu ingali sikioni. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua limeshatoka, na nyuma yake wanawake tisa walikuwa wanakuja kwa mstari, wakihema na kuchekana. Wa mwisho alikuwa jirani yake Wayua, mkono kiunoni, amechoka kweli. Resian akatazama ng'ambo ya korongo. Aliona migunga, mbuzi wa mtu, na lile bango jipya lenye picha ya nyumba nyeupe na familia ya watu wanne wanaocheka bila sababu. Hakuona mtu mwingine.

"Ni nani huyo?" Wayua aliuliza alipofika.

"Ni mtu amekosea namba."

Wanawake hao walikuwa wameanza kutembea tangu daktari wa kliniki ya sukari na presha alipowaambia wachague, ama miguu ama vidonge. Watu wa Kitengela waliwacheka sana. Mwanamke aliyechota maji na kufuata ng'ombe maisha yake yote, leo amevaa raba anatembea asubuhi bila kwenda mahali popote! Waacheni wacheke. Sukari ya Resian ilikuwa imeshuka, na Wayua alikuwa amepunguza vidonge kutoka vitatu hadi kimoja.

Njia yenyewe haikuwa yao peke yao. Wakishapita wao walipita watoto wa shule, wakishapita watoto walishuka ng'ombe kunywa maji kwenye bwawa waliloliita silanga, na Jumamosi walikuja watu wa mjini na chupa zao za maji na watoto wao wanaoogopa ng'ombe. Asiyepita hapo alikuwa na njia moja tu nyingine, ukingo wa barabara kuu ya Namanga, ambako trela za saruji hazimsubiri mtu. Mwaka uliotangulia watoto wawili wa shule walizikwa kwa sababu ya ukingo huo.

Sasa kampuni moja ilitaka kujenga nyumba mia mbili na arobaini kando ya korongo, na ukuta wake ungemeza njia kwa kilomita mbili nzima. Mradi uliitwa Silanga Gardens, na kazi ya kwanza iliyoandikwa kwenye ramani ilikuwa kufukia silanga. Kikao cha kusikiza maoni ya wananchi kilikuwa Alhamisi. Afisa wa mazingira alikuwa amewaeleza wazi: mtu ambaye shamba lake linapakana na njia akipinga, na pingamizi lake likiandikwa siku hiyo, kibali hakitatoka mpaka njia ipimwe upya. Lisipoandikwa, kibali kitatoka. Waliopakana na njia walikuwa watatu. Mmoja alishauza, mwingine alikuwa Amerika na hashiki simu. Wa tatu alikuwa Lemayian, mumewe Resian.

Kwa hiyo Resian alijua simu ile haikukosea namba. Majina na namba zao walikuwa wamezipeleka wenyewe ofisini kwenye karatasi ya pingamizi, zimepigwa chapa, nakala tatu.

Alimaliza safari bila kusikia neno lililosemwa na wenzake. Kila kichaka kilikuwa na macho.

 

Alimkuta Lemayian zizini akipulizia ng'ombe dawa ya kupe huku anahutubia. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kusema, na tangu achaguliwe kuwasemea watu wa njia hapakuwa na ndama pale bomani ambaye hakuijua hotuba kwa moyo.

"Mheshimiwa afisa," alimwambia fahali mmoja mwekundu, "hii njia ilikuwa hapa kabla ya mimi na kabla ya wewe."

Resian alitaka kumwambia habari ya simu. Alikuwa amefungua kinywa kabisa gari lilipopiga honi langoni.

"Paker!" mtu aliita.

"Paker!" Lemayian aliitikia, uso wake wote ukafunguka. Akaweka pampu chini.

Mmaasai akikupa mnyama kwa heshima, hamwitani tena majina yenu. Mnaitana kwa mnyama. Akikupa ng'ombe mnaitana pakiteng, akikupa kondoo mnaitana paker, na jina hilo mnakaa nalo hadi mmoja wenu azikwe. Miezi mitano nyuma, binti yao Naisenya alipojifungua mtoto wa kwanza, Meitamei alikuja mwenyewe na kondoo wa kuchinjiwa mzazi, mnyama mwenye mkia wa mafuta uliomfanya atembee kwa taabu. Meitamei alikuwa mtu mkubwa, mwenye maploti Kitengela na nyumba za kupangisha hadi Kajiado mjini. Lemayian alijiona amekuwa mtu kati ya watu. Wiki nzima pale mnadani hakuna aliyemsalimu asiambiwe habari ya paker wake mpya. Hakujiuliza kwa nini mtu mkubwa namna ile alikumbuka uzazi wa binti wa mtu mdogo. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, ila hawakutuonya kuhusu mkono uliojaa.

Meitamei alishuka. Resian, aliyekuwa karibu na gari kuliko mumewe, aliona mlango wake kwanza. Palikuwa na picha ya nyumba nyeupe na watu wanne wanaocheka.

"Takwenya, Ngoto Naisenya," Meitamei alimsalimu kwa jina la binti yake.

"Iko," alijibu, macho bado yako kwenye mlango wa gari.

Aliwaletea chai. Meitamei alikaa kwenye kiti cha plastiki, akauliza mvua, akauliza ng'ombe, akauliza mtoto.

"Ako sawa. Amelala," Resian alisema.

"Na ile kondoo ilimfaa mama yake?"

"Ilimfaa."

"Ashe," alishukuru. "Sikuleta ndogo." Akanywa chai. "Paker, nasikia Alhamisi utaongea."

"Nitaongea," Lemayian alisema. "Watu wamenituma."

"Ni vizuri. Mtu aongee. Mimi pia nitakuwa huko, nitakaa kwa meza ya mbele. Niko na kiti kwa hiyo kampuni. Ni kitu nilikuwa nasahau kukuambia."

Kikombe cha Lemayian kilikuwa kimefika kidevuni na kikabaki hapo hapo, hakipandi wala hakishuki.

"Na usifikiri nimekuja kukuomba kitu," Meitamei aliendelea, mpole kabisa. "Mimi nimekuja kusalimia paker wangu. Hata kwenda nimeenda."

Alimaliza chai yote, akashukuru, akatembea hadi garini. Hapo akageuka, ikawa kama amekumbuka kitu kidogo.

"Mama, hiyo njia siku hizi iko na watu wabaya. Usipite huko asubuhi. Hiyo leso ya kijani inaonekana mbali sana."

Gari likaondoka. Resian akashika nguzo ya lango.

"Leso gani?" Lemayian aliuliza. "Ameona leso yako wapi?"

Akamwambia. Alimwambia simu yote, neno kwa neno, hadi mahali pa yule wa mwisho aliyechoka.

"Mbona hukuniambia?"

"Si nakuambia sasa?"

Lemayian alikaa chini. Hakuwa mtu wa kuogopa vitisho vya simu, na Resian aliona kwamba kilichomkalisha si simu.

"Turudishe kondoo yake," alisema. "Tuko na ile dume ya kichwa nyeusi. Nono kushinda yake. Tumpelekee leo."

"Paker hairudishwi, Ngoto Naisenya. Hiyo si deni. Nikimpelekea mnyama ndio tumefungana zaidi."

"Basi ongea tu."

"Nisimame mbele ya watu nimvue nguo mtu nimekubali jina lake? Hata baba yangu hakufanya hivyo, na yeye alipigana na watu wengi." Akafuta uso kwa mkono wenye dawa ya kupe, akaanza kutokwa na machozi, na hakuna aliyejua ni ya dawa au ni ya nini. "Nilimwita hivyo mbele ya watu. Mnada mzima."

Na sasa ni lazima lisemwe, kwa sababu hakuna mke asiyelijua: ndani ya hofu yake Resian alifurahi. Mumewe asiposema, hawatamgusa. Njia itakufa, lakini mumewe atazeeka. Aliona haya kwa furaha hiyo, na hakuweza kuifukuza.

 

Jumatano asubuhi hakuna aliyekuja kutembea. Resian alingoja kwenye mgunga wa kukutania hadi jua likaanza kuuma, kisha akaenda kwa Wayua.

Alimkuta mume wa Wayua, Nzioka, nyumbani, amekaa juu ya jiwe mbele ya mlango. Nzioka alikuwa mchonga mawe katika machimbo, na mtu wa machimbo kuonekana nyumbani saa tatu ya Jumatano ni habari mbaya kabla haijasemwa.

"Wameniambia nisirudi," alisema. "Forman ananiuliza, 'Bibi yako anatembeanga sana, sivyo?' Ni hiyo tu. Miaka kumi na moja, na ni hiyo tu."

Wayua alitoka na kitambaa mkononi. Hakumkaribisha ndani. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote ya ujirani wao, na wote wawili walijua.

"Mama Naisenya, nakuomba ufute jina yangu kwa ile karatasi."

"Karatasi ilishaenda ofisini, Wayua."

"Basi niandikie ingine, useme nilikosea. Nyinyi mko kwenu. Sisi tuko na ploti moja ya hamsini kwa mia, na hata title haijatoka. Wakituambia tuhame tutaenda wapi, turudi Makueni na nini?"

Resian akakaa chini. Aliandika. Alitumia kalamu ya mtoto wa Wayua, juu ya paja lake mwenyewe, maneno ya kumtoa rafiki yake kwenye pingamizi, na Wayua akatia sahihi bila kumtazama. Nzioka akakohoa. Hakuna aliyesema asante, maana asante ingekuwa matusi.

Kurudi nyumbani aliiogopa njia. Alisema moyoni kwamba ni leo tu, akashika ukingo wa barabara kuu. Hakuwa amepita huko kwa miguu miaka mingi. Trela ya kwanza ilipompita upepo wake ulimsukuma hadi kwenye mtaro, vumbi likamjaa mdomoni. Mbele yake walikuwa wasichana watatu wa darasa la pili, wa zamu ya asubuhi, wameshikana mikono. Trela ya pili ilipopiga honi waliruka mtaroni wote pamoja, bila kupiga kelele, wakasimama pale wakingoja. Kisha wakatoka, wakapangusana sketi, wakaendelea na hadithi yao. Walikuwa wameshazoea. Walikwisha kuambiwa na wazazi wao waache njia ya korongo kwa sababu ya watu wabaya.

Resian alikaa mtaroni akalia. Kisha akaona haya, akainuka, akawafuata wale wasichana hadi walipoiacha barabara, akitembea upande wa magari.

 

Hema lilipigwa katika uwanja wa chifu. Mezani mbele walikaa afisa wa mazingira, kijana mmoja aliyevaa koti kubwa kuliko mabega yake. Karani wake, dada mmoja aliyeitwa Gathoni, mwenye kompyuta. Na Meitamei, amevaa shuka jekundu juu ya suti. Watu walikuwa wengi. Mlangoni kila mmoja alipewa soda na kofia nyeupe yenye picha ya nyumba. Foleni ilikuwa juani, watu wakavaa. Kwa hiyo hata waliokuja kupinga walikaa pale wamevaa kofia za kampuni, na vijana wawili wenye simu wakawapiga picha wakiwa hivyo.

Resian aliikataa kofia.

Kampuni ilisema kwa saa nzima. Ajira zikasemwa, taa za barabarani zikasemwa. Kisha afisa akatazama karatasi yake.

"Nitasikiza sasa wenye mashamba wanaopakana na mradi. Niko na jina moja. Mzee Lemayian."

Lemayian alisimama. Alikuwa amevaa koti la Jumapili. Hema zima likamgeukia, na Meitamei akainama kwenye kipaza sauti, anatabasamu kabisa.

"Karibu, paker. Ongea bila wasiwasi."

Watu waliojua Kimaasai wakanyamaza ghafla. Wasiojua wakawauliza waliojua, na mnong'ono ukapita safu kwa safu hadi nyuma. Lemayian alifungua mdomo. Resian aliiona hotuba yote imesimama kooni mwake, ile aliyomsomea fahali, na aliona inarudi chini.

"Sina maneno," alisema. Akakaa.

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mwingine akasema, "Amekula huyo," na kicheko kikawa kikubwa. Lemayian alitazama viatu vyake. Shingo yake, ambayo Resian aliijua kuliko alivyojua uso wake mwenyewe, ilikuwa imeinama kama ya mtoto aliyechapwa.

"Basi tuandike hakuna pingamizi kutoka kwa wanaopakana," afisa alisema. Gathoni akaweka vidole kwenye kompyuta.

Resian hakukumbuka baadaye jinsi alivyosimama. Alikumbuka tu kwamba vijana wenye simu walimgeukia wote wawili kwa pamoja.

"Niko na pingamizi."

"Wewe ni nani, mama?"

"Resian. Bibi ya huyo mzee. Nimekaa kwa hiyo shamba miaka ishirini na nane."

Afisa aliangalia Meitamei, akaangalia watu, akaona wengine wameanza kushusha soda. "Anayeishi hapo anaweza kupinga," alisema taratibu. "Lakini nitataka namba ya kitambulisho, kwa sauti, iandikwe."

Aliisema. Tarakimu nane, moja baada ya nyingine, na kwa kila moja alijiona anampa adui ufunguo wa mlango wake. Kisha akasema kuhusu njia. Hakusema vizuri. Alichanganya kilomita na ekari, akasahau silanga kabisa. Lakini alisema habari ya wasichana watatu aliowaona mtaroni jana, na jinsi walivyoruka bila kupiga kelele, na hapo hema likatulia.

"Mama," Meitamei alisema kwenye kipaza sauti, bado mpole, "hata si heshima. Mzee wako amenyamaza, wewe unaongea. Na kondoo yangu ulikula."

Ni wakati huo hofu ilipomjaa hadi ikakosa mahali pa kukaa.

"Nilikula," Resian alisema. "Tulikula sisi wanawake. Mafuta niliyeyusha mimi, nyama nilipika mimi, na binti yangu akapata maziwa ya kunyonyesha. Mzee hakuonja hata mfupa, kwa sababu kondoo ya uzazi wanaume hawali. Wewe unajua hivyo." Akamgeukia Gathoni. "Dada, andika kondoo."

"Niandike nini?" Gathoni aliuliza.

"Andika hiyo kampuni ilileta kondoo kwetu miezi mitano kabla ya hii kikao, ilipojua shamba letu linapakana. Andika ni nani aliileta. Amesema mwenyewe hapa kwa maiki, kila mtu amesikia ni yake."

Gathoni alimtazama afisa. Afisa alikuwa kijana, na pengine alikuwa na mama yake mahali.

"Andika," alisema.

Vidole vya Gathoni vilisikika hema zima. Meitamei alizima kipaza sauti chake. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja wa safu ya mbele alivua kofia, akaiweka chini ya kiti, na hakuvua mwingine.

 

Lemayian alimngojea nje, mbali na watu. Hakumsemesha. Resian hakutegemea asemeshwe. Alikuwa amemwokoa mumewe na kumwaibisha kwa pumzi moja, na wanaume waliokuwa wakiwapita hapo walimsalimu Lemayian kwa huruma, jambo lililo baya kuliko matusi. Kibali kilikuwa kimesimamishwa mpaka njia ipimwe. Afisa aliwaambia inaweza kuchukua miezi. Hakuwaambia ni nani angekaa nao hiyo miezi.

"Tupite barabarani?" Resian aliuliza.

"Tutapita njia."

Wakashika njia. Jua lilikuwa limeanza kuegemea Ngong, na kivuli cha Lemayian kilimfikia Resian miguuni, kwa maana mzee hutangulia na mke hufuata, ndivyo walivyokuwa wametembea tangu aolewe. Walipopita bango walisikia pikipiki nyuma yao. Haikuwa na haraka. Ilinguruma polepole kwa mwendo wa mtu anayetembea. Resian alitaka kugeuka, shingo ikakataa. Aliwaza mtoto wa Naisenya, aliwaza namba yake ya kitambulisho, tarakimu zote nane.

"Baba Naisenya," aliita. "Unasikia?"

"Nasikia."

Lemayian alisimama. Akatoka kando ya njia, akaingia kwenye nyasi, akampisha.

"Pita mbele," alisema.

"Mbele wapi?"

"Pita, nimesema. Mimi nitakuwa nyuma."

Akapita. Alimsikia mumewe akirudi njiani nyuma yake, karibu sana, akihema, kati yake na ile pikipiki. Wakaenda hivyo hadi langoni kwao, mke mbele na mume nyuma, na pikipiki haikuwapita wala haikuwaacha.